Risasi za kujaza kwa mkono: Akiba ipo kwenye ganda, mashaka yapo kwenye fataki

Na Mwandishi Wetu

Boksi la risasi 20 za .30-30 katika maduka ya Marekani limekuwa likiuzwa kati ya dola 30 na 45 katika miaka ya karibuni, kutegemea chapa na mji. Kwa mwindaji anayefyatua risasi tano kwa msimu mzima bei hiyo si neno. Lakini kwa mlenga shabaha anayemaliza risasi 40 katika mashindano ya siku moja, na kabla ya hapo amemaliza nyingine 100 mazoezini, hesabu inakuwa nzito. Ndiyo maana wengi wao hawanunui risasi. Hununua vipande vyake, wakazijaza wenyewe mezani kwao.

Msomaji atauliza, habari hizi zinaingiaje katika ukurasa wa bei za mazao na hisa? Zinaingia kwa milango miwili. Kwanza, baadhi ya makampuni yanayouza vipande hivyo na bunduki zake yamo kwenye soko la hisa, na mwekezaji mdogo anayevutwa na jina maarufu anaweza kununua kitu tofauti kabisa na alichodhani. Pili, hesabu ya mtu anayejaza risasi ni ile ile ya mwenye kiwanda kidogo. Ana mtaji wa mashine, ana malighafi, ana chombo kinachochakaa, na ana bidhaa moja ya bei ndogo ambayo ikikosekana kazi yote inasimama.

Tangu mwanzo niseme kwamba hapa kwetu mtu hawezi kuunda risasi nyumbani bila leseni. Ni kosa kubwa la jinai. Habari hii ni ya Marekani, ambako mtu kujaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe kunaruhusiwa, na ambako mchezo wenyewe ulipokuzwa.

Bunduki yenyewe

Bunduki inayozungumzwa ni ile ya wenzo. Chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma ambao mpigaji huusukuma chini na kuurudisha juu. Ganda lililotumika linaruka nje na risasi mpya inaingia. Maarufu kuliko zote ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning, na risasi yake ya .30-30 ilifuata mwaka 1895. Mshindani wake wa siku nyingi ni Marlin 336 iliyotoka mwaka 1948.

Bunduki hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kuwinda porini, lakini leo zina mashindano yao. Wapigaji hulenga sanamu za wanyama za chuma: kuku mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150 na kondoo dume mita 200. Asili ya mchezo wa sanamu ni Meksiko. Sharti lake ndilo linalotatiza manunuzi yote, kwa sababu kuigusa sanamu hakutoshi, lazima ianguke. Risasi nyepesi inaweza kumpiga kondoo wa mita 200 sawasawa kabisa, chuma kikalia, na kondoo akabaki amesimama. Mpigaji hapati kitu. Risasi nzito yenye nguvu nyingi humwangusha kondoo, lakini baada ya kuifyatua mara 40 bega linauma na mkono unaanza kuogopa kifyatulio. Kwa hiyo anayechagua risasi za bunduki hii anatafuta bidhaa yenye sifa tatu zinazovutana: ipige mahali pamoja, iangushe chuma, na isimchoshe mtu.

Bomba linaamua kabla ya bei

Wageni wa biashara hii huanza kwa kuuliza bei ya vichwa vya risasi. Wangeanza kwa kutazama chini ya mtutu. Katika Winchester 94 na Marlin 336 risasi hupangwa ndani ya bomba, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile iliyo mbele yake. Na katikati ya kitako ndiko iliko fataki, kile kikombe kidogo kinacholipuka kinapogongwa. Bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, risasi zote bombani zinasukumana. Ncha kali ya shaba ikigonga fataki ya mwenzake, risasi inaweza kulipuka ndani ya bomba, sentimita chache kutoka kiganja cha kushoto cha mpigaji.

Kwa sababu hiyo vichwa vya bunduki hizi ni bapa au butu. Vichwa vyenye ncha kali huwa rahisi kupatikana, na vingine huuzwa kwa bei ya kutupa, lakini havifai humo hata vikitolewa bure. Hornady, kampuni ya Grand Island, Nebraska, ilipata njia ya kati katikati ya miaka ya 2000 kwa kutoa kichwa chenye ncha laini kama mpira, kinachokata upepo vizuri bila kugonga fataki ya mbele. Ni bidhaa nzuri, ila ina masharti: katika baadhi ya saizi kama .45-70 ganda linapaswa kukatwa fupi kuliko kawaida ili risasi nzima ipite kwenye mashine ya bunduki. Aliyenunua vichwa 500 bila kusoma maelezo ya boksi amejinunulia kazi ya ziada.

Wapo wanaokwepa tatizo hili kwa kununua bunduki ya wenzo isiyo na bomba. Browning BLR ina kasha la kuchomoa, na Savage 99 ya zamani ilikuwa na kasha la kuzunguka. Hizo hukubali ncha kali. Hata hivyo, kabla mtu hajabadili bunduki kwa ajili ya risasi, asome kanuni za mashindano anayoingia, kwani ya kisanamu ya wenzo yalipangwa kwa kufuata bunduki za bomba.

Bomba lina sharti jingine. Springi yake inasukuma, kishindo kinasukuma, na kichwa kisichobanwa vizuri hurudi ndani ya ganda. Kikirudi, nafasi ya ndani inapungua na shinikizo linapanda. Mjazaji wa bunduki ya kawaida ya shabaha anaweza kuacha mdomo wa ganda bila kuubana. Wa bunduki ya bomba hana hiari hiyo. Huchagua vichwa vilivyochongwa mfuo kiunoni, akabana mdomo wa ganda ndani ya mfuo huo. Na ili mbano uwe sawa kwa zote, maganda yote lazima yawe na urefu mmoja. Hapa ndipo wavivu wanaposhindwa. Maganda yenye urefu tofauti yanabanwa kwa nguvu tofauti, na matundu kwenye karatasi yanatawanyika, kisha mtu analaumu baruti.

Hesabu ya senti

Sasa tuje kwenye fedha. Bei za vipande hubadilika, kwa hiyo nachukua bei za mfano zilizo karibu na za maduka ya Marekani katika miaka hii ya 2020. Ratili moja ya baruti ina greni 7,000, na tuseme kila risasi inakula greni 30 hivi. Ratili itatoa risasi 233. Kama ratili inauzwa dola 40, baruti ya risasi moja ni senti 17. Fataki ni senti 8. Kichwa chenye koti la shaba ni senti 40. Ganda jipya ni senti 80, lakini ganda halitumiki mara moja. Likijazwa mara nane, kila safari limegharimu senti 10. Jumla ni senti 75. Risasi ya dukani kutoka boksi la dola 35 ni dola 1 na senti 75. Akiba ni dola moja kamili.

Vifaa vya kuanzia, yaani mashine ya kukandamizia, mizani, kipimo cha urefu, kikata maganda na kalibu, tuviweke dola 400. Kwa akiba ya dola moja kwa risasi, mtaji unarudi baada ya risasi 400. Mpigaji wa mashindano anazimaliza ndani ya miezi michache.

Msomaji mwenye jicho ameshaona kwamba hesabu yote imesimama juu ya ganda. Likitumika mara moja tu, gharama inapanda hadi dola 1 na senti 45, na sehemu kubwa ya faida inayeyuka. Ganda ndilo mtaji unaozunguka, na ndilo linalochakaa kimyakimya. Katika bunduki hizi lina adui maalumu. Kitasa cha bunduki nyingi za wenzo kiko nyuma, kwa hiyo chuma hunyumbulika kidogo kila risasi inapolipuka na ganda hurefuka. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .30-30 ni ratili 42,000 kwa inchi ya mraba, wakati .308 inaruhusiwa 62,000. Mjazaji anayetaka kuifanya .30-30 iwe .308 anayala maganda yake, na siku moja litamkatikia ndani ya chumba cha bunduki. Dalili ni pete inayong'aa karibu na kitako. Wazee wa kazi huingiza waya mwembamba uliopindwa ncha na kukwaruza ukuta wa ndani. Waya ukinasa kwenye mtaro, ganda hilo halijazwi tena.

Mzigo wa wastani, basi, una faida mbili kwa mkupuo: ganda linadumu na bega linapona. Wapo pia wanaotumia vichwa vya risasi ya kusubu badala ya vyenye koti la shaba. Vikipatikana kwa senti 15, jumla inashuka hadi senti 50. Kichwa cha kusubu kinadai kipimo chake: kiwe kinene kidogo kuliko kipenyo cha mtutu kwenye mifuo yake ya ndani, la sivyo hewa ya moto inapita pembeni, risasi inaganda mtutuni na shabaha inapotea. Kwa hiyo mtutu upimwe kwanza, ndipo vichwa viagizwe.

Muda sijauhesabu. Kwa mashine ya hatua moja, pamoja na kukata na kusafisha, risasi 30 kwa saa si mwendo wa konokono. Anayeona saa yake ina thamani kuliko dola 30 aende dukani. Na kuna siri ambayo wajazaji wenyewe huitania: mwisho wa mwaka wengi hawana akiba yoyote mfukoni, kwa sababu risasi zilipokuwa rahisi walipiga mara mbili zaidi.

Senti nane zinazosimamisha kazi

Katika vipande vinne, fataki ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote, na ndiyo yenye mashaka makubwa. Kichwa mtu anaweza kusubu. Ganda linarudiwa. Baruti zina aina nyingi na moja ikikosekana huenda nyingine ikapatikana. Fataki haina mbadala, na kuitengeneza ni kazi ya kiwanda chenye milipuko ya hatari.

Mwaka 2020, mwaka wa Korona, mauzo ya bunduki nchini Marekani yalivunja rekodi na rafu za fataki zikabaki tupu. Boksi la 1,000 lililozoeleka kwa dola 30 na ushee lilionekana kwa walanguzi kwa zaidi ya dola 100. Waliokuwa na mashine, maganda, vichwa na baruti walikaa navyo wakivitazama.

Umiliki nao umebana. Kwa miaka mingi fataki za Marekani zilitoka kwa majina manne makubwa: CCI, Federal, Remington na Winchester. Remington ilipofilisika mwaka 2020 vipande vyake vikauzwa. Biashara ya risasi ikachukuliwa na Vista Outdoor, ambayo tayari ilikuwa na CCI na Federal. Novemba 2024 Vista ikaikabidhi biashara yake yote ya risasi kwa kundi la CSG la Jamhuri ya Cheki kwa zaidi ya dola bilioni 2.2. Kwa hiyo majina matatu kati ya manne yako mkono mmoja, na mkono huo uko Ulaya. Mnunuzi anayebadili Federal kwa CCI akidhani amebadili muuzaji amebadili boksi tu.

Jina la nne, Winchester, lina mtego kwa mwenye hisa. Risasi na fataki za Winchester ni za Olin, kampuni iliyo kwenye soko la New York. Lakini biashara kubwa ya Olin ni kemikali, klorini na magadi ya viwandani, na hisa yake huyumba pamoja na bei za bidhaa hizo. Bunduki za Winchester si zake. Hizo ziko chini ya kundi la FN la Ubelgiji, na modeli ya 1894 ya leo hutengenezwa na Miroku huko Japani. Anayetaka hisa ya bunduki za wenzo yupo karibu zaidi na Sturm, Ruger, iliyonunua Marlin kwenye mnada wa Remington mwaka 2020 kwa dola milioni 28 na kidogo, ikaanza kutoa Marlin zake mwishoni mwa 2021. Hata hapo Marlin ni sehemu tu ya mauzo ya Ruger. Hornady, ambayo jina lake liko kwenye kila meza ya mjazaji, ni kampuni ya familia. Hisa zake haziuzwi sokoni.

Malighafi nayo ina siasa zake. Mchanganyiko wa fataki hutumia antimoni, na madini hayo hayo huchanganywa na risasi ya kusubu ili iwe ngumu. China, mzalishaji mkubwa, iliweka masharti ya kuuza antimoni nje kuanzia Septemba 2024, na mwaka huo bei yake ilipanda zaidi ya mara mbili. Baruti isiyo na moshi inatokana na nitroselulosi, na hiyo hutengenezwa sana kwa nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa. Wasomaji wa Mwanza na Shinyanga wanazijua nyuzi hizo. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, viwanda vya mizinga vimekuwa vikigombea nitroselulosi ile ile na viwanda vya risasi za michezo, na mwenye oda ya jeshi ndiye anayesikilizwa kwanza.

Kupima kabla ya kununua kwa wingi

Mnunuzi mwenye akili huchukua kidogo cha aina mbili au tatu za vichwa na aina mbili za baruti, akafuata vitabu vya viwanda, akianzia kiwango cha chini kilichochapishwa na kupanda polepole. Kisha anapiga. Kosa la kawaida ni kupiga risasi tatu, kuona matundu yamegusana, na kuagiza vichwa 2,000 siku hiyo hiyo. Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati. Kumi zinasema zaidi, na kumi katika siku mbili tofauti zinasema ukweli.

Bunduki ya wenzo ina tabia ya ziada. Mtutu wake mwembamba umefungwa bomba kwa vishikizo, na ukipata moto unahama kidogo. Risasi ya kwanza na ya tano hazipigi mahali pamoja. Kupima kwa kusubiri mtutu upoe kila mara ni kujidanganya, kwani mashindanoni mtu anapiga tano mfululizo. Apime kwa mwendo wa mashindano. Na apime kwa chuma cha mita 200, si karatasi peke yake. Mzigo wa pili kwa ubora kwenye karatasi unaomwangusha kondoo kila mara ni bora kuliko wa kwanza unaomtikisa.

Kisha azipitishe zote ndani ya bunduki kwa wenzo, kwa kasi. Wenzo hauna nguvu ya kulazimisha ganda lililovimba, kwa hiyo ganda lirudishwe kwenye kipimo chake kamili kila safari. Risasi ndefu kupita kiasi hunasa kwenye kinyanyuzi, na fataki iliyochomoza kwenye kitako ni ile hatari ya bombani iliyokwisha kuelezwa.

Risasi zilizojazwa na mwingine

Yapo maboksi yanayouzwa kwenye magulio ya bunduki, yameandikwa kwa kalamu ya wino, bei nusu ya dukani. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kujijazia, lakini anayefanya biashara ya kujaza na kuuza anatakiwa kuwa na leseni ya serikali ya shirikisho. Muuzaji asiye nayo hana bima, hana kumbukumbu, na boksi lake halina pa kulalamikia. Zaidi ya hayo, viwanda vingi vya bunduki hufuta dhamana ya bidhaa iliyoharibiwa na risasi za kujaza kwa mkono.

Hatari si ya karatasi. Baruti kali hujaa sehemu ndogo tu ya ganda, na mjazaji aliyepigiwa simu katikati ya kazi anaweza kumimina mara mbili bila kuona. Kwa nje risasi hiyo inafanana na nyingine. Kinyume chake nacho ni kibaya: ganda lisilo na baruti linasukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakaa hapo, na risasi inayofuata inaupasua. Aliyezijaza mwenyewe, akamulika tochi kwenye maganda 50 kabla ya kuweka vichwa, anajua alichonacho. Aliyenunua kwenye gulio ananunua uangalifu wa mtu asiyemjua, na bei ya boksi haimwonyeshi uangalifu huo ulikuwa kiasi gani. Kwa maoni ya ukurasa huu, nusu bei hiyo ni ghali. Viwanda vidogo vyenye leseni vinavyojaza maganda yaliyotumika ni jambo jingine. Huandika namba ya shehena kwenye boksi, na shehena yenye kasoro inaweza kurudishwa.

Namba ya shehena imuhusu hata anayejijazia. Baruti ya jina moja hutofautiana kidogo kutoka shehena hadi shehena, na mzigo uliopimwa kwa kopo la zamani hupimwa upya kwa kopo jipya, ukianzia chini. Ndiyo sababu wapigaji wazoefu, mzigo ukishathibitika, hununua fataki na baruti za msimu mzima kwa siku moja, za shehena moja, fataki zikitangulia. Vichwa hufuata mfuko unaporuhusu. Baruti na fataki huhifadhiwa mbali na moto, kila kimoja kwenye chombo chake cha dukani, kisihamishiwe kwenye chupa. Maganda huhesabiwa kila yanapotoka uwanjani, na boksi huandikwa ubavuni yamejazwa mara ngapi.